Muuaji wa Kusini na Washkaji Zake

Oya mwanangu, tuanze na aibu. Samaki beta kwenye glasi ya juisi, glasi juu ya sabufa, singeli inapigwa mpaka bati linatingishika, na mwenye geto kavimba: "Masela, nina faita." Noma sana. Samaki hana pa kugeukia, maji ni ya wiki iliyopita, hakuna hata jani la kujificha. Mambo hayo Nachingwea mjini yapo, Ruangwa yapo, na wahusika wanapiga picha wanaposti kabisa. Swaga ya sasa ni tenki lenye kitaa kizima ndani: beta mmoja anayejiona mwenye nyumba, konokono wanaosugua vioo, na kamba wadogo wekundu wanaokatiza kwenye majani. Huo ndio mzigo.

Mshua akiingia geto ataangalia, atakuna kidevu, atauliza: "Sasa hawa wanapikwa lini?" Mwache. Wazee wetu wanaamini chochote chenye mapezi kazi yake ni kukaangwa. Swali hilo utalisikia kila wiki. Zoea.

Sasa mjue beta mwenyewe. Kwao ni Thailand, kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga, maji ya kina kifupi, ya uvuguvugu, yaliyojaa majani. Jina la kisayansi, Betta splendens, alipewa na Charles Tate Regan mwaka 1910, ila Wathai walikuwa naye zamani kinoma: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba binadamu wamemfuga kwa angalau miaka 1,000. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ikamtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Yaani unayemweka kwenye glasi ya juisi ni nembo ya nchi ya watu. Heshima kidogo, mzee baba.

Ujanja wake uko kwenye pumzi. Karibu na matamvua ana kiungo kinaitwa labirinthi, kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji. Ndiyo maana unamwona anapanda, anachukua funda, anashuka. Umeme ukikatika usiku kucha na pampu ikalala, yeye freshi. Tatizo lake ni ugomvi. Dume kwa dume ni vita mpaka mmoja achanike mapezi. Ruangwa wana timu yao ya Namungo, Wauaji wa Kusini, na wewe una Muuaji wako kwenye kioo, tena huyu hangoji refa apulize. Kwa hiyo mshkaji wa kuishi naye inabidi asiwe beta, asiwe na mapezi marefu ya kumtia wivu, asiwe na mbio za kumchokoza. Konokono kapita usaili bila jasho. Kamba naye anapita, kwa masharti.

Na kwenye mchongo huu masela wa Dar tumewaacha mbali. Vitu wanavyonunua kwenye paketi kwa bei ya kichaa, huku kwetu vinaanguka chini ya miti na vinatupwa na bahari pale Lindi. Halafu kuna kitu kimoja kimejaa kila bwawa, bure, rahisi kuokota, na hicho ndicho usikiguse hata ukipewa na zawadi juu. Akijua haya mawili, mtoto wa Kusini anapiga tenki kali kwa mkwanja mdogo kuliko mtu yeyote wa Mikocheni.

Kipimo kwanza. Kiwango cha chini ni ndoo. Ile ile ya lita 20 ya kuchotea maji. Beta peke yake, tenki lisishuke chini ya ndoo moja. Ukitaka na kamba, fanya ndoo mbili, maana kamba anahitaji pa kumkimbia Muuaji. Matenki ya dukani yanakuja na taa za disko, sanduku la hazina linalotoa mapovu, na bei ya kukukalisha chini. Hapo unapigwa mchana kweupe. Nenda kwa fundi wa vioo na aluminiamu, yule yule anayekata madirisha. Mpe vipimo, mwambie agundishe kwa silikoni ya kawaida isiyo na dawa ya ukungu, kisha liache likauke mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Juu weka mfuniko wa wavu wa dirisha, kwa sababu beta anaruka. Asubuhi unamkuta sakafuni mkavu, na bi mkubwa yupo nyuma yako: "Si nilisema tungemkaanga?"

Maji nayo yana mambo yake. Yanayoingia Nachingwea mjini kutoka chanzo cha Mbwinji, ukiyakinga bombani yakiwa na klorini, yaache kwenye ndoo wazi usiku na mchana mzima kabla hayajaingia kwenye tenki. Usijaze leo ukaweka samaki leo. Mavi ya samaki yanatoa amonia, amonia inaua, na bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti kisha nitrati wanachukua wiki nne mpaka sita kujenga makazi kwenye mchanga na sponji. Muda wote huo unaangalia maji na majani matupu. Mshua atapita, atatingisha kichwa, ataamini mwanawe kadata. Kaza. Hita achana nayo: beta anataka nyuzi joto 24 hadi 28, na miezi mingi Kusini inampa hizo bila hata kuomba. Usiku wa Juni na Julai ndio baridi inapiga, basi tenki lisikae chini ya dirisha. Hela ya hita kanunulie majani.

Konokono sasa, na hapa nisikilize vizuri.

Konokono namba moja kwa beta ni nerite. Mdogo, ganda gumu, anatembea kwenye kioo anakula ule ukijani mpaka kioo kinarudi kuwa kioo. Muuaji akimdonoa, anajifunga ndani, anasubiri, anaendelea na kazi. Kinachofurahisha zaidi, kuna nerite wa kwetu kabisa: Neritina natalensis, anaishi kwenye mikoko na midomo ya mito ya pwani hii, kutoka Somalia mpaka Afrika Kusini. Watu wa Ulaya wanajipinda kulipia konokono mwenye michirizi, kumbe ukoo wake uko kwenye matope ya mikoko ya Afrika Mashariki. Jike atataga vidoti vyeupe kila mahali, kwenye kioo, kwenye jiwe, hata juu ya ganda la mwenzake, utafikiri kuna mtu kamwaga punje za ufuta. Usishtuke. Mayai hayo hayatoki kitu kwenye maji baridi, kwa sababu watoto wake wanahitaji chumvi ili wakue. Nunua wanne, watabaki wanne. Hakuna konokono anayekuheshimu hivyo.

Yupo pia yule mkubwa wa njano au bluu, Pomacea diffusa, mzaliwa wa Amerika Kusini. Huyo ana pembe ndefu laini zinazocheza majini, na beta anaziona chakula. Ukiona pembe zimekatwa mara kwa mara, mhamishe konokono. Mabeta wanatofautiana, mmoja hana habari, mwingine ni muhuni wa kuzaliwa.

Ila yule wa bwawani, mwanangu, hapana. Konokono wadogo wa kahawia walioko kwenye malambo, mabonde ya mpunga na vijito vinavyokwenda Mbwemkuru, wengine wanaitwa Bulinus, na hao ndio nyumba ya kichocho cha mkojo, kile cha kukojoa damu. Mchezo unakwenda hivi: mwenye kichocho anakojoa kwenye maji, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono na kuzaliana humo kwa wiki kadhaa, kisha vinatoka kwa maelfu, hasa jua la mchana likiwa kali, kutafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda. Vinapenya. Kikishatoka kwa konokono, kijidudu kinaweza kuishi majini mpaka saa 48. Sasa wewe umembeba huyo konokono, umemweka chumbani, halafu kila wikiendi unazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko kusafisha tenki. Umehamishia bwawa geto.

Wengi wetu shule ya msingi tumepangwa mstari, tumepimwa urefu kwa fimbo yenye alama, tumemezeshwa vidonge vikubwa vya praziquantel vichungu balaa. Fimbo ile ilikuwa inaamua unameza vingapi. Hakuna anayetaka kurudi kwenye ule mstari kwa sababu ya konokono wa bure.

Ukitaka kumjua, okota ganda tupu lililokauka, lisimamishe ncha juu, mdomo ukutazame. Bulinus mdomo wake uko kushoto. Mwenzake Biomphalaria, anayebeba kichocho cha tumbo, ganda lake limelala bapa limejiviringa, na hapo kuna mtego: konokono wa tenki anayeitwa ramshoni naye ni bapa vile vile. Ramshoni mwenyewe, Helisoma duryi, alishaingia nchini kitambo, na mwaka 1983 mtafiti alichapisha jinsi alivyosambaa kwenye mifereji ya umwagiliaji kaskazini mwa Tanzania, akitazamwa kama mpinzani wa kuwabana hao wabeba kichocho. Safi, lakini wewe huna hadubini. Chukua konokono kwa mtu anayezalisha kwenye tenki lake mwenyewe, basi.

Na usijifanye mjanja kwenye mchanga na majani. Bulinus anaweza kulala ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi. Mchanga wa mtoni uoshe, kisha uukaange kwenye karai mpaka uwe mkavu na wa moto kweli. Majani ya majini ya bwawani yana mayai ya konokono chini yake, ute mdogo ambao hata huuoni. Achana nayo. Mawe kutoka kwenye mashimo ya machimbo huko Ruangwa nayo yaache yalipo, hata yawe yanang'aa vipi, kwa sababu mwamba wenye madini unaweza kuachia shaba kwenye maji, na shaba na kamba ni maadui wa damu.

Ndiyo, kamba. Staa wa mchezo.

Anayetamba ni Neocaridina davidi, yule mwekundu, asili yake Taiwan na China. Mtu mzima ana sentimita mbili mpaka tatu. Mzee akimwona atasema "uduvi huo, hautoshi hata kijiko." Atasema tena kesho. Kamba huyu siku nzima yuko bize: miguu ya mbele inachapa kazi, inakwangua utando kwenye jani, inaweka mdomoni, inakwangua tena. Jike mwenye mayai anayabeba chini ya tumbo, anayapepea kwa miguu midogo usiku na mchana kwa karibu mwezi mmoja, na watoto wanatoka wakiwa kamba kamili, wadogo mno. Hapo Muuaji anatabasamu.

Tusidanganyane. Beta ni mla nyama. Watoto wa kamba atawala. Kamba mkubwa anaweza kumwacha au kumwinda, inategemea na roho yake. Kila kamba anayepotea ni hela yako inatafunwa mbele ya macho yako. Ndiyo maana unapanga safu kabla ya mechi. Kamba waanze, kumi na kuendelea, wiki kadhaa bila beta, wajue kila kichochoro. Weka mosi nyingi, yale majani laini ya majini, ya kuzalishwa kwenye matenki, mpaka tenki lionekane pori. Beta aingie wa mwisho, usiku, taa imezimwa, ameshiba. Na chagua beta wa mapezi marefu, halfmun na wenzake, kwa sababu mkia mzito unampunguza spidi. Plakati, yule wa mapezi mafupi, ni mkimbiaji: kamba wako watakwisha kabla ya mapumziko. Ukitaka kamba mkubwa asiyemezwa kirahisi, tafuta amano, anafika sentimita tano. Jina kalipata kwa Takashi Amano, Mjapani mpiga picha aliyewatumia kula mwani kwenye matenki yake miaka ya 1980, matenki yaliyosambaza huu ugonjwa mzuri wa kupanda misitu majini.

Siku moja utaona kamba mweupe, kalala chini, hatikisiki. Dogo atapiga kelele: "Kafa!" Tulia. Mtazame kwa karibu. Macho tupu, ndani unaona mchanga wa upande wa pili, mgongo umepasuka mstari mmoja. Hilo ni ganda. Mwenyewe yuko nyuma ya jani, laini, kajificha mpaka ngozi mpya ikaze. Usitoe ganda, watalila wenyewe kupata madini.

Sasa adui mkubwa wa kamba huku kwetu hayumo kwenye tenki. Yuko hewani.

Kuanzia Juni hivi mikorosho inapuliziwa. Salfa dhidi ya ubwiriunga, na dawa za kuua wadudu dhidi ya mbu wa mikorosho. Nyingi za hizo za wadudu ni za kundi la pairethroidi, na kamba, kwa maumbile yake, ni ndugu wa wadudu. Kiasi kinachomwacha beta akiogelea kinamlaza kamba mgongo chini. Tenki kando ya dirisha linalotazama shamba, mashine ya mgongoni inanguruma, upepo unaingia: asubuhi kimya. Kipindi hicho funga dirisha, funika tenki, na ukitoka shambani usizamishe mkono hata kama umejipangusa kwenye suruali. Suruali ndiyo yenye dawa.

Ndani ya geto kuna dawa hizo hizo. Ya mbu ya kupuliza, kundi lile lile. Ukimaliza kopo la dawa chumba kizima halafu unashangaa kamba wanazunguka zunguka wanaanguka, umewapulizia wewe. Chandarua ndiyo inayowaponza wengi kwa ujanja wao. Kitaa kuna masela wanakata chandarua kikuukuu, wanatengeneza kijiwavu cha kuchotea kamba, bure kabisa. Chandarua zinazogawiwa zina dawa ndani ya uzi, pairethroidi, imewekwa idumu hata ikifuliwa. Unachota kamba na sumu yao. Tumia kichujio kipya cha chai. Chandarua ilalie, malaria Kusini haina utani.

Halafu shaba. Mrututu anaoupulizia mtu kwenye nyanya ni shaba. Dawa nyingi za samaki wagonjwa zina shaba. Beta akiumwa, mtoe, mtibu kwenye ndoo ya pembeni. Ukimwaga dawa kwenye tenki, yeye anapona na familia yote ya kamba na konokono inazikwa.

Ndiyo maana nasema kalenda ya korosho ndiyo kalenda ya tenki. Agosti na Septemba kata vioo, kaanga mchanga, jaza maji, acha bakteria wajenge. Kuanzia Oktoba minada ya korosho ya chama cha ushirika cha RUNALI inafunguka, pulizia imekwisha, hewa safi, na mshiko unashuka kwa wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale kwa mpigo. Hapo ndipo kamba wanaingia. Kuna watu mnada ukilipa wananunua raba nyeupe za kuvaa wiki mbili kwenye vumbi jekundu. Shauri yao.

Sasa vya bure, maana nilikuahidi. Watu wa beta dunia nzima wanalipia majani makavu ya mti unaoitwa kwa sayansi Terminalia catappa, yanauzwa kwenye paketi, yamehesabiwa. Mti huo ni mkungu. Mkungu! Ule wa kivuli, wenye kungu za kupondea mawe utotoni, umejaa Lindi, umejaa Mtwara, na kwenye nyua nyingi tu huku juu. Okota jani lililojiangukia lenyewe, la kahawia, kavu, mbali na mashamba yanayopuliziwa. Lioshe, litumbukize. Maji yanageuka rangi ya chai kwa tanini, yale yale ya kinamasi cha kwao beta. Utando unaota juu ya jani, kamba wanahamia hapo, na baada ya wiki chache jani limebaki mishipa tu, wavu mwembamba, nyama yote imeliwa. Bi mkubwa atasema umeweka takataka majini. Mwambie Uingereza zinauzwa. Hataamini, lakini utakuwa umesema.

Cha pili, mfupa wa ngisi. Ule mweupe, mwepesi, unaoletwa na mawimbi ufukweni. Ukienda Lindi rudi nao, uchemshe, kipande kidogo kitose. Konokono anahitaji kalisi kujenga ganda, na maji ya mvua hayana. Ukiona ncha ya ganda inachubuka inakuwa nyeupe, maji yako ni laini mno. Maji mengi ya kisima yana chokaa ya kutosha, hapo mfupa unapumzika.

Msosi pia bure. Beta anadata na viluwiluwi vya mbu. Weka kopo la maji safi nje, lifunike kwa wavu wenye tundu dogo la kupitisha mbu, vuna kila siku bila kukosa, ukisahau umefuga malaria. Wa bwawani hapana, sababu umeshaijua. Kamba na konokono wape jani la mchicha lililochemshwa, kipande cha ukubwa wa ukucha, ukitoe kesho yake. Mchicha wa nyumbani, sio wa sokoni uliopuliziwa jana.

Kinachobaki kununua ni wahusika wenyewe, na wengi wanatoka Dar. Safari ya basi kutoka Mbagala, zaidi ya kilomita 400 mpaka Mingoyo, halafu bado unapandisha kuja huku. Mfuko uwe theluthi moja maji, kilichobaki hewa, kila beta na mfuko wake, yote kwenye boksi lenye giza. Boksi likae mapajani. Konda akikwambia "weka kwenye buti," kataa kwa upole, kisha kataa tena kwa nguvu, buti la basi la Kusini mchana ni jiko. Na masika usiagize. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika kule Somanga na magari yakakwama foleni ndefu. Beta angevumilia, anavuta hewa. Kamba asingetoboa.

Wakizaliana mpaka wakazidi, wauzie masela, wagawie, lakini usimwage mtoni. Mwaka 2020 kule Mwea, Kenya, konokono wa Amerika Kusini anayeitwa Pomacea canaliculata aligunduliwa kwenye mashamba ya mpunga, anataga mashada ya mayai ya rangi ya waridi juu ya mashina, anakula miche michanga. Binamu wa yule wa njano kwenye tenki lako. Mabonde yetu ya mpunga hayajamkosea mtu.

La mwisho ni la dabi. Dukani utaona kamba wekundu na kamba wa njano, na kichwa chako kitakwambia: Simba na Yanga, tenki moja, kiki ya karne. Usifanye. Hao ni spishi moja, wanazaliana, na vizazi vikisonga rangi inarudi ya porini: kahawia, maji maji, hana timu, hana jezi. Nyekundu uliyoilipia imekwenda. Chagua upande. Wekundu na beta mweupe, au njano ndani ya mosi ya kijani, Jangwani mpaka kwenye mchanga. Anayetaka timu zote mbili arudi kwa fundi wa vioo, amwambie akate tenki la pili, na aombe punguzo, maana silikoni ya kopo lile bado ipo.